Silinda za upepo na vali zake, za mkono na za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa fundi anayefunga au kutengeneza mashine zinazosukumwa na upepo wa kompresa: za kufungia vizibo vya chupa, kubana mbao zilizotiwa gundi, kukata mifuko, kufungua milango ya basi. Hesabu zote zimechukua presha ya bar 6 kwenye geji, yaani psi 87. Kabla hujaenda dukani kununua vali, jiulize kwanza: umeme ukikatika ghafla, au upepo ukiisha, silinda hii inatakiwa iwe wapi? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua vali.

Vali ya 3/2, 5/2 au 5/3 maana yake nini?

Namba ya kwanza ni idadi ya matundu ya upepo, ya pili ni idadi ya mikao ya vali. Silinda yenye springi ndani, inayosukumwa upande mmoja tu, inatosheka na vali ya 3/2. Silinda ya pande mbili inataka 5/2, au 5/3 ikiwa lazima isimame katikati ya safari.

Matundu yenyewe yana namba zilizopigwa kwenye mwili wa vali. Tundu 1 ni la kuingizia upepo. Tundu 2 na 4 yanakwenda kwenye silinda. Tundu 3 na 5 ni ya kutolea upepo uliokwisha kazi, na ndiko inakofungwa sailensa, kifaa cha kupunguza kelele ya upepo unaotoka. Vali za zamani zina herufi: P ndiyo 1, A na B ni za silinda, R na S ni za kutolea. Ukiona 14 au 12, hiyo ni amri: amri ya 14 inaunganisha tundu 1 na 4, amri ya 12 inaunganisha 1 na 2. Ukizoea namba hizi, hutahangaika na rangi za mipira (mabomba laini) ya upepo.

Nitajuaje nguvu ya silinda kabla ya kuinunua?

Chukua nusu ya kipenyo cha pistoni kwa milimita, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 3.14. Hapo umepata eneo. Bar 6 ni nyutoni 0.6 kwa kila milimita ya mraba.

Silinda ya kipenyo cha mm 50: 25 × 25 × 3.14 ni karibu 1,963. Mara 0.6 ni nyutoni 1,178, sawa na uzito wa kilo 120. Ikirudi ndani nguvu inapungua, kwa sababu fimbo imekula sehemu ya eneo. Fimbo ya mm 20 inaondoa mm 314 za mraba, kwa hiyo unabaki na nyutoni 989 hivi, kilo 100. Silinda ya mm 32 inasukuma nyutoni 482, kama kilo 49.

Hizo ni namba za karatasi. Sili (pete zinazozuia upepo usivuje) zinasuguana, na upepo wa upande wa pili unasukuma kinyume wakati unatoka. Kwa kazi ya kusogeza kitu, panga kutumia asilimia 70 tu ya nguvu hiyo, na ukitaka mwendo wa haraka ulio laini, shuka hadi asilimia 50.

Upepo unaotumika je?

Silinda ya mm 50 yenye mwendo wa mm 200 inakula karibu lita 5 za hewa ya kawaida kwa kwenda na kurudi. Ikifanya hivyo mara 20 kwa dakika, ni lita 100 kwa dakika, bila kuhesabu mipira na uvujaji. Kompresa ndogo ya gereji itakuwa inanguruma muda wote.

Nichague vali ya mkono au ya umeme?

Mtu akiwa ndiye anayeamua kila mwendo, na amesimama karibu na silinda, vali ya mkono inatosha na ni imara zaidi. Haitaki waya wala koili (waya uliozungushwa, unaovuta chuma umeme ukipita). Pedali inafaa pale mikono yote miwili imeshika kazi, lakini inunue yenye kifuniko juu, la sivyo kitu kikiiangukia silinda itatoka. Leva yenye kufuli inabaki pale ulipoiweka, hivyo ni nzuri kwa kubana kitu muda mrefu. Kitufe chenye springi kinafaa kwa mwendo mfupi tu: ukikiachia, silinda inarudi.

Vali ya umeme inastahili gharama yake pale amri inapotoka kwenye kitambuzi, saa au PLC (kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine), pale silinda ni nyingi na zinafuatana kwa zamu, au pale mwendeshaji yuko mbali na mashine.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, silinda itafanya nini?

Inategemea vali ina koili ngapi na springi ziko wapi.

Vali ya 5/2 yenye koili moja na springi inarudi kwenye mkao wake wa mwanzo mara tu umeme ukikatika. Upepo uliobaki kwenye tangi unairudisha silinda, na inarudi kwa nguvu zote. Hii ndiyo ya kufunga kwenye presi au kisu, mahali ambapo silinda kurudi nyuma ndiyo salama.

Vali ya 5/2 yenye koili mbili haina springi. Inabaki pale ilipoachwa na amri ya mwisho, hata umeme usiporudi hadi kesho. Ifunge kwenye kibano au kishikizo, mahali ambapo kuachia mzigo ndiyo ajali. Koili hizi zinataka umeme wa muda mfupi tu, na zisiwashwe zote mbili kwa pamoja: iliyotangulia ndiyo inayoshinda na ya pili haifanyi lolote, na kama ni za AC, iliyoshindwa inaungua. Ukitumia rilei (swichi inayovutwa na koili yake ndogo), pitisha waya wa kila koili ya vali kwenye mguso wa kawaida-kufungwa wa rilei ya mwenzake, yaani ule unaopitisha umeme rilei hiyo ikiwa imezimwa.

Vali ya 5/3 ina springi mbili na inarudi katikati. Katikati kukiwa kumeziba, silinda inasimama ilipo. Katikati kukiwa kunatoa upepo, silinda inalegea na unaweza kuisogeza kwa mkono.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau: umeme *ukirudi*. Mashine isianze yenyewe. Saketi ya rilei yenye kitufe cha kuwashia kinachojishikilia inatatua hilo. Umeme ukikatika rilei inaachia, na lazima mtu abonyeze tena.

Upepo ukiisha, hakuna vali kati ya hizi itakayoshika mzigo uliosimama wima. Hapo kuna jibu lake chini, kwenye swali la kusimamisha silinda katikati.

Nataka silinda moja iendeshwe kwa kitufe cha mkono na pia kwa umeme. Naunganishaje?

Usijaribu kuunganisha vali mbili kwenye silinda kwa fitingi ya T. Upepo wa vali ya kwanza utatokea kwenye tundu la kutolea la vali ya pili, na silinda haitapata kitu. Tengeneza hivi:

1. Vali kuu iwe 5/2 inayoamriwa kwa upepo, yenye springi. Hii ndiyo pekee inayogusa silinda: tundu 4 kwenda nyuma ya silinda, tundu 2 kwenda upande wa fimbo.
2. Kitufe cha mkono kiwe vali ya 3/2 iliyofungwa kikawaida, yaani isiyopitisha upepo hadi ipewe amri. Vali ya umeme nayo iwe 3/2 iliyofungwa kikawaida.
3. Tundu 2 la kila moja lipeleke upepo kwenye upande wake wa vali ya AU, ile ndogo yenye matundu matatu na kigololi au kisahani ndani. Upepo ukija upande mmoja, kigololi kinaziba upande mwingine.
4. Tundu la katikati la vali ya AU liende kwenye 14 ya vali kuu. Mipira ya mm 4 inatosha kwa njia hii ya amri.

Mpaka hapo kazi inafanyika, lakini mtu anayesafisha mashine kwa kutumia kitufe cha mkono anaweza kushtukizwa na amri ya umeme. Kwa hiyo ongeza vali ya leva ya 5/2 yenye kufuli kabla ya hizo mbili: upepo uingie tundu 1, tundu 4 lilishe kitufe cha mkono, tundu 2 lilishe vali ya umeme. Leva ikiwa upande wa mkono, upande wa umeme hauna upepo kabisa. Koili inaweza kulia itakavyo, silinda haitasogea. Vali hii moja ya ziada haifai kuachwa kwa ajili ya kupunguza gharama.

Hakikisha tu vali ya umeme ya hapo imeandikwa inaanzia bar 0, au presha ya chini kuliko unayotumia.

Kile kitufe kidogo kwenye vali ya umeme ni cha nini?

Ni cha kujaribia vali bila umeme. Kwa kawaida kimezama ndani kidogo, unakibonyeza kwa ncha ya bisibisi. Vingine vinasukumwa kisha vinazungushwa na kujifunga. Hivyo vya kujifunga vimeharibu siku za mafundi wengi: mtu anajaribu, anasahau kukifungua, kisha wanahangaika na waya saa nzima huku vali imeshikiliwa pale pale. Vali "isiyosikia amri" ianze kukaguliwa hapo. Na kabla hujakibonyeza, angalia hakuna mkono wa mtu mbele ya silinda, kwa sababu hakipitii swichi yoyote ya usalama.

Koili ya 24 V DC au ya 230 V AC?

Tukiwa na uhuru wa kuchagua, tunachukua 24 V DC. Ukigusa waya kwa bahati mbaya hutauawa, inaunganishwa moja kwa moja na PLC, na haiungui kirahisi.

Koili ya AC inavuta umeme mwingi pale inapowashwa, kisha inapunguza chuma cha ndani kikishaingia mahali pake. Chuma kikikwama kwa uchafu au kutu, mkondo haupungui kamwe, na koili inapika hadi inaungua. Kwa hiyo koili ya AC ikiungua, kufunga mpya bila kusafisha bomba lake la ndani ni kununua koili ya tatu. Ikiwa inavuma kwa sauti kubwa, uso wa chuma una uchafu au ile pete ndogo ya shaba imekatika. Na usiwahi kuiwasha koili ya AC ikiwa umeichomoa kwenye vali: bila chuma ndani yake, inaungua kwa muda mfupi sana.

Kupima koili ya DC ni rahisi. Chomoa plagi, pima ukinzani kwa mita. Koili ya 24 V yenye wati 4.8 isome karibu omu 120. Ya wati 2.5 isome karibu 230. Ikisoma mwisho wa mita, waya umekatika ndani. Ikisoma omu chache tu, imeungana. Kisha pima volti kwenye plagi huku amri ikiwa imewashwa: chini ya 21.6 V, tafuta kosa kwenye waya mrefu mwembamba au pawa saplai iliyozidiwa.

Naweza kuunganisha koili moja kwa moja kwenye Arduino (bodi ndogo ya elektroniki inayopangiwa programu)?

Hapana. Pini ya Arduino Uno inatoa volti 5 na haipaswi kubebeshwa zaidi ya miliampia 20, na koili ya wati 4.8 inataka miliampia 200 kwa volti 24. Tumia MOSFET (swichi ya elektroniki yenye miguu mitatu: geti, dreni na sosi) ya kuwashwa na volti 5, mfano IRLZ44N. Geti lake lipitie ukinzani wa omu 220 kutoka kwenye pini, na ukinzani wa kiloomu 10 kutoka geti kwenda hasi, ili vali isijiwashe wakati Arduino inaamka. Sosi iende hasi, dreni iende upande mmoja wa koili, upande wa pili wa koili uende +24 V. Hasi ya Arduino na hasi ya pawa saplai ya 24 V ziungane.

Sambamba na koili weka daiodi ya 1N4007, mstari wake mweupe ukielekea +24 V. Koili ikizimwa inarudisha volti nyingi kinyume, na bila daiodi hiyo MOSFET inakufa, pengine si leo. Daiodi inachelewesha vali kuachia kwa sehemu ndogo ya sekunde, jambo ambalo kwa mashine nyingi halionekani. Plagi nyingi zenye taa huwa zina kinga hii ndani. Hizo zina chanya na hasi, usizigeuze.

Koili inalia "tik" lakini silinda haisogei. Kwa nini?

Sababu inayotokea mara nyingi ni presha ndogo. Vali nyingi za umeme za 5/2 hazisukumi spuli (kijiti cha ndani kinachofungua na kuziba matundu) kwa nguvu ya koili. Koili inafungua kitundu chembamba, na upepo ndio unaosukuma spuli. Chini ya bar 1.5 hadi 2.5, kutegemea vali, upepo hauna nguvu ya kutosha. Soma kiwango kilichoandikwa kwenye lebo. Ukihitaji kazi ya presha ndogo kuliko hiyo, nunua vali inayoletewa upepo wa kuongozea kutoka nje, kisha uchukue upepo huo kabla ya regyuleta (kifaa cha kupunguza presha).

Presha ikiwa sawa, bonyeza kitufe cha kujaribia. Silinda ikisogea, tatizo ni koili au chuma chake. Isiposogea, toa mpira wa silinda kwenye tundu 4 baada ya kufunga upepo, kisha fungua upepo kidogo na ujaribu tena. Upepo ukitoka vizuri, vali ni nzima: tatizo ni silinda, mzigo, au skrubu ya spidi iliyofungwa kabisa. Usipotoka, spuli imekwama. Mara nyingi ni gundi nyeusi ya mafuta yaliyooza, au nyuzi za tepu nyeupe ya mabomba zilizoingia ndani. Ndiyo maana tepu inaanza kuzungushwa baada ya uzi wa kwanza wa fitingi, kamwe si kwenye ukingo.

Nipunguzeje spidi ya silinda?

Kwa vali ya kubana mtiririko yenye njia ya upande mmoja, na kwenye silinda ya pande mbili bana upepo *unaotoka*, si unaoingia. Ukibana unaoingia, pistoni inangoja presha ijae, inaruka, presha inashuka, inasimama, inaruka tena. Ukibana unaotoka, pistoni ina upepo pande zote mbili na inakwenda kwa utulivu. Angalia mshale au mchoro kwenye mwili wa fitingi kabla ya kufunga, kwa sababu aina zote mbili zinafanana kwa nje.

Silinda ya springi haina upepo upande wa pili, kwa hiyo kuitoa polepole lazima ubane unaoingia.

Anza na skrubu ikiwa karibu imefungwa, fungua robo mzunguko kwa robo. Skrubu ndogo zilizo kwenye vifuniko vya silinda si za spidi. Hizo zinalainisha milimita za mwisho ili pistoni isigonge.

Kubana upepo unaotoka hakusaidii mwendo wa kwanza asubuhi. Silinda ilikaa tupu usiku kucha, upande wa pili hauna upepo wa kubanwa, hivyo inaruka kwa nguvu zote. Dawa yake ni vali ya kujaza taratibu, inayofungwa baada ya regyuleta.

Sailensa inapuliza muda wote hata silinda ikiwa imesimama. Ni vali au silinda?

Silinda ikiwa imerudi ndani, funga upepo, toa presha, kisha chomoa mpira wa nyuma ya silinda. Fungua upepo tena. Upepo ukitoka kwenye tundu la silinda lililo wazi, sili ya pistoni imeisha. Ukitoka kwenye mpira uliouchomoa, au ukaendelea kwenye sailensa, ni spuli ya vali. Kazi ya dakika tano, na inakuokoa kununua kifaa kisicho na kosa.

Naweza kusimamisha silinda katikati kwa vali ya 5/3?

Unaweza kuisimamisha, lakini si kwa usahihi wala kwa muda mrefu. Upepo unabanika, hivyo mzigo ukibadilika silinda inacheza, na uvujaji mdogo wa sili utaisogeza taratibu. Kwa mzigo unaoning'inia, funga vali za kuzuia zinazofunguliwa kwa upepo, moja kwa kila tundu la silinda, zikiwa zimekaa kwenye silinda yenyewe, bila mpira katikati. Hapo chagua 5/3 ambayo katikati yake *inatoa* upepo. Ukichagua ya kuziba, presha inabaki kwenye njia za amri na vali za kuzuia hazijifungi.

Maji yanatoka kwenye vali. Yanatoka wapi?

Hewani. Chukua Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80: kila mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 24 za mvuke. Kompresa inayovuta lita 300 kwa dakika, ikijaza hadi bar 7 na hewa ikapoa tena, inaacha zaidi ya theluthi moja ya lita ya maji kila saa. Ikizunguka saa nane mfululizo, ni karibu lita tatu. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku, toa bomba kuu kwa mteremko, na michepuko yote ya kwenda kwenye mashine ichukuliwe juu ya bomba, si chini yake.

Nairobi shida ni nyingine. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, hivyo kompresa ile ile inachukua muda mrefu zaidi kujaza tangi. Nguvu ya silinda haibadiliki mradi geji inasoma bar 6.

Niweke mafuta?

Vali na silinda nyingi za sasa zimepakwa grisi kiwandani na hazihitaji. Ukianza kuweka mafuta, yataosha grisi hiyo, na hutaruhusiwa kuacha tena. Tumia mafuta ya upepo ya ISO VG 32. Oili ya injini ina viambato vinavyovimbisha sili.

Mpira wa ukubwa gani, na uzi gani?

Silinda ya mm 32 inatosheka na mpira wa mm 6, ya mm 50 inataka mm 8. Kata mpira kwa kisu kikali, wima kabisa. Ukiukata mshazari utavuja kwenye fitingi ya kusukumia. Kuhusu uzi, G1/4 na NPT 1/4 zinafanana machoni lakini ya kwanza ina meno 19 kwa inchi na ya pili 18. Zitashikana mizunguko michache, kisha zitapasua mwili wa alumini. Ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana.

Vitufe viwili vilivyounganishwa kwa mfuatano vinatosha kulinda mikono kwenye presi?

Havitoshi. Mtu anafunga kimoja kwa kamba na kuendesha kwa mkono mmoja. Kuna vali maalumu ya mikono miwili, inayokubali amri pale tu vitufe vyote vinapobonyezwa ndani ya nusu sekunde, na inataka vyote viachiwe kabla ya mwendo mwingine. Nunua hiyo, na vitufe viwe mbali kiasi kwamba kiganja na kiwiko cha mkono mmoja havifiki vyote.

Nifanye nini kabla ya kufungua vali au silinda?

Zima umeme, funga upepo kwa vali ya 3/2 ya kufungia inayotoa presha iliyobaki kwenye mashine. Koki ya kawaida haifai, kwa sababu inafungia presha ndani. Weka kufuli kwenye vali hiyo, ufunguo ukae mfukoni mwako. Soma geji ifike sifuri. Kisha bonyeza vitufe vya kujaribia pande zote mbili, maana palipo na vali ya kuzuia au 5/3 ya kuziba, upepo unabaki ndani ya silinda hata geji ikisoma sifuri. Pale penye vali ya kuzuia, au vali ambayo spuli yake inasukumwa na upepo, vitufe hivyo havitoshi: legeza fitingi ya silinda taratibu kwa spana, uso ukiwa pembeni. Kama silinda imesimama wima na imebeba kitu, weka nguzo ya chuma au gogo chini ya mzigo *kabla* ya kutoa presha, kwa sababu upepo ndio uliokuwa umeushikilia.